Chembe Nyingi, Mwili Mmoja

1. Mguu wa ng'ombe

Siku ya soko, mama wengi wa Bunia huenda kununua nyama. Mwenye fedha nyingi hununua nyama laini. Mwenye fedha kidogo hununua mguu wa ng'ombe, maana bei yake si kubwa na mchuzi wake ni mzito. Mguu huo ni chakula, lakini tena ni kitabu cha masomo. Leo tutakifungua kitabu hicho.

Tazameni kwanza upande wa nje. Mnaona ngozi, nene na yenye manyoya. Imefunika mguu wote, wala haina nafasi hata moja iliyo wazi. Chini ya ngozi kuna utando mweupe wenye kunata, na mafuta kidogo. Kisha kuna nyama nyekundu. Nyama inapokwisha, inaanza kano: nyeupe, ngumu, hata kisu butu kinashindwa kuikata. Kano imeushika mfupa. Penye kiungo, ncha ya mfupa imefunikwa na gegedu, laini na yenye kuteleza. Tena mkitafuta vizuri katikati ya nyama, mtaona uzi mweupe. Huo ni neva. Ng'ombe alipokuwa hai, uzi huo ulipeleka habari kutoka mguuni mpaka ubongoni.

Sasa jaribu kuing'oa ngozi kwa mikono mitupu. Haing'oki. Ivute kano itoke mfupani. Haitoki. Ng'ombe huyo alitembea kwa miguu yake siku nyingi katika malisho ya Djugu au ya Irumu. Alipanda vilima, alivuka mito, na miguu minne tu ilibeba mwili wenye uzito wa zaidi ya kilo 200. Lakini ngozi haikuachana na nyama, wala nyama na mfupa.

Ni kitu gani kinachovishika vyote pamoja? Hilo ndilo swali la somo hili.

2. Matofali ya mwili

Zamani watu hawakuweza kulijibu swali hili, kwa sababu jibu ni dogo kuliko jicho linavyoweza kuona. Ilibidi kwanza kipatikane chombo kiitwacho hadubini, ambacho kwa vioo vyake hufanya vitu vidogo mno vionekane vikubwa.

Mwaka 1665, Mwingereza mmoja aitwaye Robert Hooke alikata kipande chembamba cha ganda la mti, akakitazama kwa hadubini. Aliona vyumba vidogo vingi vilivyopangwa karibu karibu, kama vyumba vya asali. Mwaka 1839, Mjerumani Theodor Schwann alieleza ya kuwa miili ya wanyama pia imejengwa kwa namna hiyo. Vyumba hivyo sisi tunaviita chembe. Katika vitabu vingine mtasoma neno seli. Maana yake ni ileile.

Chembe ya mnyama ni ndogo sana. Chukua rula yako, utazame nafasi ya milimeta moja. Katika nafasi hiyo ndogo chembe 50 au hata 100 zaweza kupangwa katika mstari mmoja. Mwili wa mtu mzima una chembe karibu milioni 30 mara milioni moja. Kama ungezihesabu, moja kwa kila sekunde, bila kula wala kulala, ingekupasa kuhesabu kwa zaidi ya miaka 900,000.

Tunaweza kusema kwamba chembe ni matofali ya mwili. Lakini tuangalie vizuri. Tofali halina uhai, nalo ni gumu. Chembe ina uhai: inakula, inafanya kazi, inazaa chembe nyingine, inakufa. Tena si ngumu. Imezungushiwa utando mwembamba sana wa mafuta, na ndani yake kuna majimaji. Ni kama kifuko kidogo laini.

Basi, shauri hili ni la kushangaza. Mguu wa ng'ombe ni mgumu, nao umejengwa kwa vifuko laini! Fundi akimwaga matofali 5,000 uwanjani, je, amejenga nyumba? Hapana. Ana chungu ya matofali tu. Mvua ikinyesha, hakuna atakayejificha chini yake. Ili iwe nyumba, matofali yapangwe, tena yashikanishwe. Ndivyo ilivyo kwa chembe. Chembe nyingi peke yake si mwili. Zikipangwa na kushikana, ndipo zinakuwa mwili.

3. Nguo iliyofumwa

Chembe zinazofanana, zilizoshikana ili kufanya kazi moja, huitwa tishu. Neno hili limetoka katika Kifaransa, na maana yake ni nguo iliyofumwa. Xavier Bichat, daktari wa Ufaransa, ndiye aliyelieneza. Alikufa mwaka 1802, akiwa bado kijana wa miaka 30. Hakupenda kutumia hadubini. Alichukua viungo vya maiti, akavichemsha, akavikausha, akavilowesha, akavivuta kwa mikono, akaona kwamba vyote vimefumwa kwa nguo za aina chache tu. Yeye alihesabu aina 21. Siku hizi wataalamu wanazipanga katika jamaa nne kubwa, nazo zote nne zimo katika mguu wetu wa ng'ombe.

Ya kwanza ni tishu ya kufunika. Chembe zake zimekaa karibu karibu sana, kama mawe ya ukuta. Zinafunika ngozi upande wa nje, na ndani ya mwili zinafunika mdomo, tumbo, utumbo, mapafu na kibofu.

Ya pili ni tishu ya kuunga. Humo chembe zimekaa mbali mbali, na katikati yake kuna kamba ngumu, au chokaa ya mfupa, au mafuta. Kano, gegedu na mfupa ni za jamaa hii. Damu nayo imehesabiwa humo, ingawa chembe zake hazikushikana. Kama zingeshikana, damu ingeganda mishipani na mtu angekufa. Hapo mnaona kwamba kila kazi ina mpango wake.

Ya tatu ni tishu ya misuli, yaani ile tunayoiita nyama. Chembe zake ni ndefu kama nyuzi, nazo zinajua kujikaza na kujilegeza.

Ya nne ni tishu ya neva. Chembe zake zina mikono mirefu, nazo hupeleka habari upesi sana.

Mfumaji wa mkeka hutumia mafunjo yaleyale, lakini akibadili namna ya kusuka, atapata mkeka, au kikapu, au mlango wa nyumba. Mwili nao hufanya hivyo kwa tishu zake. Tishu mbalimbali zikiungana zinafanya kiungo kimoja, kama moyo, au ini, au mguu.

4. Sponji iliyojijenga upya

Nyumba ina mwashi anayeyapanga matofali. Lakini mwilini hatuoni mwashi. Nani anazipanga chembe? Ili kupata jibu, wataalamu walimtazama mnyama wa baharini.

Pengine mmekwisha kuona sponji ya kuogea. Sponji ya kweli ni mnyama, ijapokuwa haina miguu wala macho. Inakaa chini ya bahari, imeshika jiwe. Mwaka 1907, Mwamerika aitwaye Henry Van Peters Wilson alichukua sponji hai, akaikamua katika kitambaa chembamba cha hariri. Chembe zake zilitoka katika matundu ya kitambaa moja moja, zikaanguka ndani ya maji kama unga. Mnyama alikuwa amevunjwa kabisa.

Wilson akangoja. Chembe zilianza kutambaa chini ya chombo. Zilipogusana, zilishikana. Vikundi vidogo viliungana vikawa vikubwa. Baada ya siku kadhaa, alikuwa na sponji ndogo mpya, zenye uhai na mpango wao! Baadaye wataalamu wengine walichanganya chembe za sponji za aina mbili zenye rangi mbalimbali. Kila chembe ilitafuta wenzake wa aina yake.

Mwaka 1955, wataalamu wawili, Townes na Holtfreter, walifanya jambo kama hilo kwa wanyama wa jamii ya chura ambao bado walikuwa wachanga mno, ndani ya mayai. Walichanganya chembe za ngozi na chembe za neva. Zilianza kutengana. Chembe za ngozi zilikwenda nje, chembe za neva zilikwenda ndani, kila moja mahali pake pa kweli. Wala hakuna mtu aliyezionyesha njia.

Basi, jibu ni hili: chembe zinatambuana. Kila chembe ina alama juu ya utando wake. Inapomgusa jirani, inajua kama ni wa ndugu zake au ni mgeni. Akiwa ndugu, inamshika.

5. Namna nne za kushikana

Sasa tutazame jinsi chembe zinavyoshikana. Kuna namna nyingi. Tutajifunza nne.

Namna ya kwanza ni kushikana mikono. Juu ya utando wa chembe kuna vijiti vidogo mno vinavyotokeza nje. Vijiti vya chembe moja hukamata vijiti vya jirani. Katika miaka ya 1980, Mjapani Masatoshi Takeichi alivieleza na kuviita kadherini. Ziko aina nyingi za kadherini, na kila aina hupenda kushika aina yake. Tena haziwezi kushika bila kalsiamu, madini yaleyale yanayofanya mifupa kuwa migumu. Ukiondoa kalsiamu, mikono inalegea na chembe zinaachana.

Namna ya pili ni vifungo. Shati lina vifungo ili lisifunguke upepo ukivuma. Chembe nazo zina vifungo vya duara, na nyuma ya kila kifungo, ndani ya chembe, kuna kamba zinazokishikilia. Vifungo hivi ni vingi sana katika ngozi, maana ngozi inavutwa na kusuguliwa kila siku. Lakini vina mpaka wake. Mtoto ambaye hajazoea jembe akilima tangu asubuhi mpaka mchana, mpini utamsugua mkononi. Vifungo vitakatika, chembe zitaachana katikati ya ngozi, na maji yataingia katika nafasi hiyo. Hilo ndilo lengelenge. Msilipasue. Ngozi iliyo juu yake bado ni paa zuri, nayo inazuia uchafu mpaka ngozi mpya iote chini yake.

Namna ya tatu ni mshono. Fundi wa mtumbwi huziba nafasi za katikati ya mbao, ili maji ya ziwa yasiingie. Chembe za kufunika nazo hushonwa pamoja karibu na upande wao wa juu, kwa mistari mingi kama uzi wa cherehani. Mahali pengine mshono umekazwa sana. Katika kibofu, mkojo hauwezi kurudi mwilini. Mahali pengine, kama katika utumbo, mshono umelegezwa kidogo, ili maji na chumvi vipate kupita kwa kiasi.

Namna ya nne ni vidirisha. Chembe mbili zikikaa ubavu kwa ubavu, zinaweza kutoboa matundu madogo mno yanayoziunganisha, na kwa matundu hayo zinapashana habari. Kazi hii ni kubwa katika moyo. Wataalamu hukuza chembe za moyo katika kisahani cha kioo. Kila chembe hupiga peke yake, moja upesi, nyingine polepole. Zikigusana na kufungua vidirisha, zote zinapiga pamoja. Mmewaona wavuvi wa Ziwa Albert wakipiga makasia: kila mtu akivuta kwa wakati wake, mtumbwi unazunguka tu, lakini wakifuata mwendo mmoja, unakwenda mbele. Moyo wako hupiga mara 100,000 hivi kwa siku moja, nao haungeweza kuisukuma damu hata mara moja kama chembe zake zisingepatana.

6. Kamba zilizo katikati

Tumeona jinsi chembe zinavyoshikana zenyewe kwa zenyewe. Lakini kano ya ng'ombe ina chembe chache. Nguvu yake inatoka wapi?

Inatoka katika kamba ambazo chembe husokota na kuzitoa nje, kama buibui anavyotoa uzi wake. Kamba hizo huitwa kolajeni. Zimo katika ngozi, kano, gegedu na mfupa. Ukikata kano, kwa kweli unakata kolajeni.

Mnaweza kuona habari hii jikoni. Mama akichemsha mguu wa ng'ombe kwa muda mrefu, saa tatu au nne, kamba zinasokotoka na kuingia katika maji. Acheni mchuzi kidogo katika sahani usiku kucha, maana usiku wa Bunia una baridi. Asubuhi mtaukuta umeganda, unatikisika kama uji mzito. Hiyo ni kolajeni iliyovunjika. Tangu zamani maseremala wa nchi nyingi walichemsha ngozi na mifupa ili kupata gundi ya kuunganishia mbao. Ndiyo maana jina lenyewe, kolajeni, limetoka katika neno la Kiyunani lenye maana ya gundi.

Mwili hauwezi kuzisokota kamba hizi vizuri bila vitamini C, inayopatikana katika matunda na majani mabichi. Mabaharia wa zamani walikaa baharini miezi mingi wakila biskuti na nyama ya chumvi tu. Fizi zao zilitoka damu, meno yalilegea, hata majeraha yaliyopona zamani yalifunguka tena. Kwa nini? Kwa sababu mwili huzibomoa na kuzisokota upya kamba zake siku zote, na mabaharia hao hawakuwa na cha kusokotea. Mwaka 1747, daktari Mskoti wa merini, James Lind, aliwapa wagonjwa wawili machungwa na malimau, na wengine aliwapa dawa nyingine. Wale waliokula matunda walipata nafuu upesi.

Sisi katika Ituri hatuna sababu ya kukosa vitamini hiyo. Tunda la mpera lina vitamini C nyingi hata kuliko chungwa. Mtoto anayekula mapera anazipa chembe zake uzi wa kufumia.

Mtu akijikata kwa panga, mnaweza kuiona kazi yote pamoja. Kwanza damu inaganda na kuziba mahali. Kisha chembe za ngozi zilizo ukingoni zinaachia kidogo, zinatambaa chini ya kigaga, kila upande ukielekea katikati. Zinapokutana na kugusana, zinasimama na kushikana tena. Chini yake chembe za kuunga zinasokota kolajeni mpya, na hiyo ndiyo alama inayobaki. Kwa hiyo oshea jeraha maji safi na sabuni, lifunike kitambaa safi, wala usikibandue kigaga. Kama jeraha ni refu au liliingia udongo, nenda dispensari, uulize habari ya chanjo ya pepopunda.

7. Ukuta wa utumbo

Sasa tushuke kutoka Bunia mpaka ziwani, maana huko tutaona jinsi maisha ya mtu yanavyotegemea safu moja ya chembe.

Barabara inateremka vilima virefu mpaka Kasenyi na Tchomia, kando ya Ziwa Albert. Watu wengi wanaishi huko kwa kuvua samaki. Mahali pasipo na bomba wala kisima kizuri, maji ya ziwa ndiyo ya kunywa, ya kuoga na ya kufulia. Tena mahali pasipo na vyoo vya kutosha, mvua hupeleka uchafu mpaka ziwani. Ndiyo sababu ugonjwa wa kipindupindu, ambao watu wengi huuita kolera, umerudi mara nyingi katika vijiji vya ufuko huo.

Ukuta wa ndani wa utumbo mdogo umefunikwa na safu moja tu ya chembe. Unene wake ni mdogo kuliko wa karatasi. Lakini safu hiyo imepangwa kwa akili. Kila chembe ina upande wa juu unaotazama chakula, na upande wa chini unaotazama damu. Zimeshonwa pamoja, zimefungwa kwa vifungo, na zimesimama juu ya sakafu nyembamba ya kamba. Katika upande wa juu kuna milango. Mlango mmoja hutoa chumvi kidogo, na maji huifuata ili chakula kipate kulowa. Milango mingine huingiza chumvi, sukari na vyakula vingine. Chembe hizi huchoka upesi. Baada ya siku 3 mpaka 5 huanguka, na nyingine mpya hupanda kushika nafasi yake.

Vijidudu vya kolera vikiingia tumboni pamoja na maji machafu, haviubomoi ukuta huo. Vinatoa sumu. Sumu inaingia ndani ya chembe, nayo inaulazimisha mlango wa kutoa chumvi ukae wazi. Chumvi inatoka bila kukoma, na maji ya mwili yanaifuata. Mgonjwa anahara maji meupe kama maji ya mchele uliooshwa. Mtu mzima anaweza kupoteza lita nzima kwa saa moja. Macho yanaingia ndani, ngozi inakunjamana, sauti inapotea. Asipotibiwa, anaweza kufa katika siku hiyohiyo.

Sasa sikilizeni vizuri. Mlango mmoja umeharibika, lakini mingine bado inafanya kazi. Mwaka 1960, mtaalamu Robert Crane alieleza ya kuwa katika chembe za utumbo kuna mlango unaopitisha chumvi na sukari pamoja, kama watu wawili walioshikana mikono. Vikiingia viwili hivi, maji yanavifuata. Sumu ya kolera haiufungi mlango huo!

Mwaka 1971 kulikuwa na vita katika nchi ambayo sasa ni Bangladesh. Watu wengi mno walikimbilia Uhindi, na kolera ikaingia katika kambi zao. Huko Bongaon, daktari Dilip Mahalanabis aliishiwa maji ya kutia mishipani. Akachanganya chumvi, sukari na maji safi, akawaambia jamaa za wagonjwa wawanyweshe kwa vikombe. Kabla ya hapo, karibu watu 30 katika kila wagonjwa 100 walikuwa wakifa. Kati ya wale aliowatunza hivyo, waliokufa walikuwa chini ya 4 katika kila 100.

Basi jifunzeni jambo hili kwa moyo, maana mtu wa nyumbani kwenu aweza kuponea kwalo. Mtu akianza kuhara maji mengi, asikatazwe kunywa. Wengine hufikiri kwamba akinywa atahara zaidi. Ni kosa, nalo limewaua wengi. Mpelekeni upesi katika kituo cha afya, na njiani mnywesheni kidogo kidogo bila kuacha. Mkiwa na pakiti ya chumvi za kunywa, ichanganyeni kama ilivyoandikwa. Kama hakuna pakiti, chukueni lita moja ya maji safi yaliyochemshwa na kupoa, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi. Msizidishe chumvi, maana ikizidi inadhuru. Kama mgonjwa ni mtoto anayenyonya, mama aendelee kumnyonyesha.

Maji hayo hayaui vijidudu. Yanamlinda mgonjwa asikauke, mpaka mwili wake uvishinde na chembe mpya zipande na kuushika ukuta. Lakini ni afadhali sumu isiingie kamwe. Chemsheni maji ya kunywa. Nawieni mikono kwa sabuni mtokapo chooni na kabla ya kula. Funikeni chakula, nzi wasikiguse.

8. Mwisho

Wazee wetu walisema: kidole kimoja hakivunji chawa. Chembe moja, nayo ni kifuko laini tu cha majimaji. Haiwezi kutembea na kubeba mzigo, wala kusukuma damu, wala kuzuia sumu. Lakini ikishika jirani yake, na huyo akishika mwingine, wanakuwa ngozi, moyo na mguu uliomchukua ng'ombe kutoka Djugu mpaka Bunia.

Mkiona tena mguu wa ng'ombe sokoni, msiutazame kama nyama ya bei ndogo tu. Kumbukeni mikono midogo isiyohesabika iliyoushika. Mikono ya namna hiyo inawashika ninyi pia, sasa hivi, mkiwa mmeketi juu ya benchi zenu na kusoma maneno haya.

Maswali

1. Taja jamaa nne za tishu. Kila moja inaonekana wapi katika mguu wa ng'ombe?
2. Chungu ya matofali si nyumba. Eleza jinsi maneno haya yanavyofaa kwa chembe.
3. Wilson aliikamua sponji katika kitambaa. Ni nini kilichotokea baadaye, nasi tunajifunza nini?
4. Lengelenge linatokea kwa sababu gani? Kwa nini haifai kulipasua?
5. Kwa nini mtu asiyekula matunda wala majani mabichi anaweza kufunguka majeraha ya zamani?
6. Sumu ya kolera inafanya nini katika chembe za utumbo? Kwa nini chumvi na sukari pamoja zinamsaidia mgonjwa?
7. Kazi ya nyumbani: Mweleze mama au bibi yako jinsi ya kutengeneza maji ya chumvi na sukari. Kesho mwambie mwalimu kama waliyajua tayari.